Mtani wa Korongoni

Mimi si mtu wa kuamini kila ninachoambiwa. Ukinieleza kwamba mtaa fulani kuna nyumba inakaliwa na watu wasioonekana, swali langu la kwanza ni kodi analipa nani. Ndivyo nilivyo, na pale sokoni Iringa ninaposhonea nguo wananijua hivyo. Kwa hiyo haya ninayokusimulia usiyachukulie kama maneno ya kuotea moto. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua likiwa juu ya utosi, na sikuwa nimeonja hata togwa. Mdogo wangu Upendo yupo, ukitaka kumuuliza kamuulize. Ila usimuulize mbele ya mtoto.

Upendo ni mwalimu. Alipangiwa shule kule chini, ukishamaliza kushuka milima ya Nyang'oro kama unakwenda Mtera. Jina la mji sitalitaja, kwa sababu watu wa pale wanaishi kwa samaki na kwa wageni wachache wanaokuja kupiga picha, na sitaki kuwaharibia. Sisi tuliozaliwa juu huku kwenye baridi, tukishuka kule tunaona tumehama nchi. Ni vumbi, miiba na mbuzi wanaotafuna mpaka mifuko ya saruji. Ziwa liko palepale, lile bwawa, unaliona likimetameta na visiki vya miti iliyokufa vimesimama ndani ya maji. Lakini mjini maji yanatembezwa kwa madumu mgongoni mwa punda. Na nyuma ya mji kuna makorongo. Umeshafika Isimila ukaona zile nguzo za udongo? Basi kule zipo za namna hiyo, nyekundu, ndefu kuliko nyumba, zimesimama makundi makundi. Wageni wanazisifu sana. Mimi tangu siku ya kwanza sikuzipenda, zinakufanya ugeuke nyuma kila mara.

Sababu ya kwenda ni kwamba Upendo alikuwa mjamzito, miezi ya mwisho. Mimba mbili zilikuwa zimeshaharibika kabla ya hiyo. Mume wake anafanya kazi Mgololo kiwandani, hakupata ruhusa, akanipigia simu akaniambia, "Shemeji, nakuomba kamchukue mke wangu umlete mjini ajifungulie karibu na hospitali. Hii nayo ikipotea sijui tutamshikaje." Nikafunga cherehani yangu siku hiyohiyo.

Sasa kuna jambo moja lazima ulijue ndipo unielewe. Mimi ni Mhehe, na Wahehe na Wagogo ni watani. Wazee wetu walipigana wakachoka, wakabaki kutukanana kwa mapenzi. Mgogo nikikutana naye njiani namwita ombaomba, yeye ananiuliza mbwa nimemwacha wapi, maana Wahehe tunasingiziwa kula mbwa, tunacheka, tunaachana. Lakini kazi yenyewe ya utani iko msibani. Mgogo akifa, sisi Wahehe tunazuia jeneza lisipite, tunavaa nguo za marehemu, tunaiga alivyokuwa akitembea na kuongea, mwingine analala ndani ya kaburi na kusema hazikwi mtu hapa mpaka nipewe changu. Wafiwa wanatoa kuku, unga, hata kanga, wanacheka na machozi yanawatoka, na marehemu anakwenda zake. Wao kwetu wanafanya vilevile. Na kazi hiyo mimi naiweza. Nimeshaitwa kwenye misiba ya watu nisiowajua kwa sababu tu ya huu mdomo wangu.

Basi nikashuka kwenye gari pale stendi, kama unaweza kuita stendi, ni mkwaju mmoja na mabanda ya samaki wakavu. Nilikuwa nimevaa sweta, maana Iringa niliondoka na ukungu, na kabla sijavuka barabara nikawa nimelivua. Nikampigia Upendo, akanielekeza: pita nyuma ya shule, kuna njia inashuka korongoni na kupanda ng'ambo, nyumba yangu ni ya bati jipya, jirani yangu ni Mama Sechelela anayekausha samaki, harufu itakuonyesha. Njia ni hiyo moja tu. Nikaenda.

Ilikuwa ile saa ambayo hata mbuzi wamelala chini ya vichaka. Hakuna ndege, hakuna mtoto, hakuna redio. Nikashuka korongoni nikiangalia miguu yangu, mchanga unateleza. Nilipoinua macho, katikati ya njia, penye nguzo mbili za udongo zilizokaribiana, kulikuwa na mwanamume amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyofudikizwa. Mtu mzima, mwembamba, amevaa koti zito la kijivu kwenye jua lile. Ameshika kitambaa cheupe, upande mmoja ameufunga kwenye jiwe, upande wa pili uko mkononi mwake, na kimekatiza njia.

"Mhehe," akasema, "hupiti bure."

Niambie wewe, ungefikiria nini? Mimi nilifurahi. Nilidhani amenisikia nikiongea Kihehe kwenye simu, akaamua kunichokoza. Mzigo ukawa mwepesi begani.

"Mgogo we," nikamwambia, "hata salamu hujanipa umeshaanza kuomba?"

"Siombi. Nasubiri changu. Mbwa wako umemwacha wapi?"

"Nimemkaanga, yumo humu kwenye kapu. Nikutolee paja?"

Hapo mtani anatakiwa kucheka. Hakucheka. Aliniangalia tu, uso mkavu, akisubiri neno ambalo sikuwa nimelisema. Na macho ya fundi hayatulii, yakaanza kuangalia vitu vyake. Koti lilikuwa limechanika bega, limeshonwa tena kwa uzi wa nyavu, mshono wa mtu asiyejua kushona lakini aliyejitahidi. Na kile kitambaa kilikuwa marekani, mpya, bado ina wanga. Marekani ya namna ile wateja wangu hawanunui kwa magauni. Wanainunua kwa sanda.

Ningenyamaza pale ningekuwa nimepona. Lakini ulimi hauna mfupa, na wangu mimi haujawahi hata kuwa na breki.

"Sikiliza," nikasema, "mimi leo sina kitu. Hicho ninachokwenda kuchukua ng'ambo ndicho nitakachokupa nikirudi. Fungua njia."

Akakilegeza kitambaa kikashuka mpaka chini. Nikakiruka. Kiligusa kifundo cha mguu wangu, na niamini, kilikuwa kimelowa, baridi kama kimetolewa mtungini. Mvua kule haikuwa imenyesha kwa miezi. Nilipofika juu ng'ambo nikainama kuangalia mguu, nikakuta tope jekundu, bichi. Sikugeuka kumwangalia. Nilijiambia ni mvuvi, ametoka ziwani, kitambaa kimelowa maji ya ziwa, kwisha. Unajua tunavyojidanganya tukiwa peke yetu.

Upendo nilimkuta amekaa mlangoni, mikono miwili tumboni. Hakunyanyuka kunisalimia.

"Dada, shikamoo. Mtoto hachezi."

"Marahaba. Hachezi tangu lini?"

"Asubuhi alinipiga mateke mpaka nikashindwa kunywa uji. Nilipokata simu na wewe bado alikuwa anacheza. Halafu kama amezimwa."

Nikaweka mkono. Nikaweka na sikio. Unajua tumbo la mjamzito lilivyo, hata mtoto akilala kuna uhai unauhisi. Lile lilikuwa limetulia. Nikamwambia mdogo wangu maneno ya kumtuliza, kwamba watoto wanalala, kwamba hata mimi wangu wa pili alinifanyia hivyo, na yote yalikuwa uongo. Nilimkumbuka alivyokaa kitandani mwangu baada ya ile mimba ya pili, siku nzima anakunja nguo za mtoto na kuzikunjua. Nikamwita jirani.

Mama Sechelela alikuja na mikono inanuka samaki, mwanamke wa makamo, mrefu, mpole. Aliniita Mhehe papohapo, akaona uso wangu, akaacha. Alimpapasa Upendo, akamgeuza ubavu, akampa maji ya sukari, akasubiri. Kisha akaniangalia machoni.

"Twende zahanati," akasema. "Nesi yupo. Tusikae."

Zahanati iko mjini, ng'ambo ya korongo. Akaitwa kijana wa bodaboda. Upendo akapandishwa katikati, mimi nikakaa nyuma kumshikilia, Mama Sechelela akasema atafuata kwa miguu na begi. Lakini ilikuwa mteremko wa mchanga, pikipiki ilikwenda taratibu, na yeye alikuwa nyuma yetu hatua chache tu.

Tulipofika kwenye zile nguzo mbili, pikipiki ikazima.

Kijana akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Mimi nilikuwa nimeshamwona. Safari hii alikuwa amesimama, ndoo iko pembeni, kitambaa amekibeba kwenye mikono yote miwili, ametandaza kama mtu anayesubiri kupokea mtoto kanisani siku ya ubatizo.

"Mhehe," akasema. "Umerudi nacho."

Nikashuka kwenye pikipiki. Nikasema, sijui kwa sauti gani, "Baba, ulikuwa utani ule."

"Dada, unaongea na nani?" Upendo akauliza. Alikuwa anatazama palepale ninapotazama mimi. Yule kijana naye alitazama, akanitazama mimi, akarudi kwenye kiki yake akipiga kwa haraka zaidi.

Hawakumwona. Unaelewa? Amesimama mbele yao, karibu vya kutosha kuwagusa, na hawamwoni.

Mama Sechelela akanishika mkono. "Umeona nini, mwanangu? Sema."

"Mwanamume. Ana koti la kijivu."

Mkono wake ukakaza. "Koti lina nini?"

"Limechanika bega. Limeshonwa kwa uzi wa nyavu, mshono mbaya."

Yule mama akakaa chini, pale pale kwenye mchanga. Hakupiga kelele. Akasema polepole, "Mshono mbaya ni wangu. Nililishona mimi, nikamzika nalo. Bado amelivaa kwenye jua hili?"

Alikuwa mume wake. Aliniambia haraka haraka, anameza maneno, na mimi nikimshika Upendo ambaye sasa alikuwa analia. Mume wake ndiye aliyekuwa mtani mkuu wa mji ule. Hakuna Mhehe aliyezikwa pale bila yeye kulizuia jeneza. Alikuwa na ndoo yake ya kukalia na kitambaa chake cha kufungia njia, na neno lake lilikuwa hilohilo, hupiti bure. Masika moja maji yalishuka korongoni ghafla yakamkuta katikati akirudi nyumbani. Walimpata siku ya pili yake. Na Wahehe wa mji ule walimpenda mno, wakaona aibu kumtania mtu aliyekufa vile. Wakaja wamevaa vizuri, wakaimba, wakalia kwa adabu. Hakuna aliyezuia jeneza, hakuna aliyemwiga, hakuna aliyelala kaburini. Mchungaji aliwasifu.

"Kila mtu alisema ule ulikuwa msiba wenye heshima," Mama Sechelela akasema. "Mimi nilirudi ndani nikajua hajaondoka. Yeye amesindikiza watu wenu wote, na nyie watani wake mkamnyima. Tangu siku hiyo Wahehe wakipita hapa saa ya jua wanasema wanasikia baridi tu. Hajawahi kuonwa na mtu. Wewe umemjibu nini mpaka akakutokea?"

Upendo alikuwa amenishika sketi. "Dada, tumbo limekuwa zito. Dada, twende. Twende hata kwa miguu." Akajaribu kushuka, akashindwa kunyoosha miguu.

"Mtanie," Mama Sechelela akaniambia. "Wewe ni Mhehe, fanya kazi yako. Mtanie mume wangu aende."

Wewe umewahi kuambiwa uchekeshe na huku mtoto wa mdogo wako yuko kimya tumboni? Mimi niliyelala makaburini nikawachekesha hata askari, siku ile nilifungua mdomo nikakuta hakuna kitu. Nilitamani kupiga magoti niombe, lakini nikajua hicho ndicho walichomfanyia wale wengine. Machozi alishapewa ya kutosha.

Nikachukua sweta langu nikalivaa, mbele nyuma, nikalipandisha bega moja. Nikaenda kuivuta ile ndoo ambayo wao hawakuiona, nikaikalia. Waliniambia baadaye kwamba walichoona ni mimi nimekaa juu ya hewa, magoti yamekunjwa, bila kuanguka. Nikanyoosha mkono wa kuomba.

"Mimi ni Mgogo mkubwa wa hapa," nikaanza. "Nimekufa lakini sijaacha kazi. Nimefika mbinguni nikakuta lango limefungwa, nikamwomba malaika chumvi kupitia dirishani."

Yule mtu akageuza shingo kuniangalia.

"Akaniuliza, umekuja na nini? Nikamwambia nimekuja na koti. Akaliangalia bega, akasema huyu aliyelishona ni mke wako au ni adui yako?"

Nyuma yangu Mama Sechelela akatoa sauti ndogo puani. Nikaishika sauti hiyo kama kamba.

"Mnaniuliza nimekufaje? Nyie hamjui Mgogo. Maisha yangu yote nimeomba mvua. Baba yangu aliomba, babu yangu aliomba. Siku moja ikaja yenyewe, ikanifuata mpaka korongoni, inanguruma, inaniita kwa jina. Sasa ningekimbiaje? Watu wangesema Mgogo ameletewa maji mpaka mlangoni, ameyakataa."

Mama Sechelela akacheka. Lilikuwa cheko la kutoka tumboni, la mtu aliyelifungia muda mrefu, likapiga kwenye zile kuta za udongo na kurudi. Akacheka mpaka akalala ubavu mchangani, machozi yanatiririka, anapiga ardhi kwa kiganja na kusema, "Ni yeye. Ndivyo angejibu. Ni yeye kabisa." Na Upendo, maskini, katikati ya kilio chake, naye akacheka kidogo.

Ndipo nikamwona mtani wangu anatabasamu. Meno yake mawili ya mbele hayakuwepo. Akaachia kitambaa kikaanguka. Akajikung'uta koti, kama anavyojikung'uta mtu aliyemaliza msiba na anataka kwenda kwake, akaanza kushuka na korongo kuelekea upande wa ziwa. Alipopita ubavuni mwa pikipiki alisimama. Akanyoosha mkono, akauweka juu ya tumbo la Upendo, taratibu kabisa. Kisha akaondoka, na kwenye kona ya nguzo sikumwona tena. Mimi nikaanguka chini kwa makalio, kwa sababu ndoo haikuwepo.

"Dada," Upendo akasema. "Dada, ameruka. Mtoto ameruka."

Kijana akapiga kiki, pikipiki ikawaka.

Yaliyofuata yalikwenda vizuri, na hilo ndilo linalonitisha. Nesi alisikiliza mapigo, akasema yako imara, ila tusichelewe. Tukapata gari la samaki, dereva akatupandisha mbele, na alfajiri Upendo alijifungua salama Iringa. Mtoto wa kiume, mzito, mwenye sauti. Baba yake alikuja kutoka Mgololo akamshika akalia mbele za watu. Wakamwita Baraka. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje nikiwa na furaha iliyonijaa kifuani, nikichezea mpira wa sweta langu, nikakuta vidole vyangu vina tope jekundu. Hapo ndipo nikakumbuka. Hicho ninachokwenda kuchukua ng'ambo ndicho nitakachokupa nikirudi.

Nilimpigia Mama Sechelela nikamweleza neno nililolisema.

"Na alipopita alimgusa?" akauliza.

"Alimgusa."

"Mwanangu, wewe unaujua utani kuliko mimi. Kitu alichopewa mtani njiani, umewahi kuona kinarudishwa?"

Sijawahi. Kuku waliochukua watani msibani hawarudi. Wewe umewahi kuona?

Baraka sasa anatembea na anaongea. Ni mtoto mzuri, mcheshi, mtaa mzima unampenda. Anakaa kwangu, maana nilimwambia Upendo kule kuna joto na malaria, mtoto abaki kwa shangazi... kwa mama mkubwa, nikajichanganya hata kusema, na yeye akaniangalia akakubali bila kuuliza. Ameomba uhamisho, haujaja. Likizo akija anataka amchukue akatembee naye ziwani, aone boti, na kila likizo nimekuwa na sababu. Sababu zinaniishia. Mama Sechelela huwa anatutumia perege wakavu kwa basi, na akipiga simu huuliza, "Mume wangu hajambo?" Mabibi wote huwaita wajukuu hivyo, najua, hata mama yangu alikuwa akiwaita hivyo wanangu. Lakini yeye akishauliza hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea, kama anasubiri aitikiwe na mtu mwingine.

Na kuna jambo sijamwambia yeye wala Upendo. Mtoto hajawahi kufundishwa utani nyumbani kwangu. Tangu siku ile mimi sitanii, wateja wangu wanadhani nimeokoka. Misibani nakaa na wanaolia. Lakini mwezi uliopita, mchana, jua limekaza, nilikuwa natoka ndani na mzigo wa vitambaa, nikamkuta Baraka mlangoni. Ameifudikiza ndoo ya kufulia, ameikalia. Amechukua kanga yangu akaifunga upande mmoja kwenye mguu wa cherehani, upande wa pili ameushika, imekatiza mlango. Akaniangalia, uso mkavu, hacheki.

"Mhehe," akasema, "hupiti bure."

Nilimpa pipi. Akaiangalia akaiweka chini. Nilimpa ndizi. Akaendelea kunisubiri, na mimi nilijua anachosubiri. Basi nikasimama pale na vitambaa vyangu mikononi, nikaanza kumtania mtoto wa mdogo wangu, "Mgogo we, hata salamu hujanipa," mpaka akatabasamu na kuiachia kanga. Meno mawili ya mbele yalikuwa bado hayajaota, na mengine yote yalishatoka. Nilipita nikaenda kukaa jikoni. Tangu hapo amefanya hivyo mara nyingine, na kila mara inanibidi nitafute utani mpya, maana ule aliokwisha kuusikia haumtoi mlangoni.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama una mtani wako na amekufa, usimlilie ukaishia hapo. Nenda ukamzuie, ukamwige, ukamtukane mpaka wafiwa wake wacheke, hata kama kifo chake kinakuuma. Na ukimkuta mtu amekaa njiani saa ya jua kali, amekukatizia kitambaa, anakuita kwa kabila lako, muulize kwanza jina lake na la mke wake kabla hujafungua kinywa. Usimwahidi kitu ambacho bado hujakishika mkononi.

Upendo anakuja Jumamosi. Safari hii ameshakata tiketi mbili za kurudi, yake na ya mtoto, na Baraka tangu jana ameivuta ile ndoo ya kufulia mpaka mlangoni na hataki iondolewe.